Meli Iliyokaa Juu ya Moshi

Nakumbuka siku ile, mjukuu wangu, hata harufu yake bado ninayo: moshi wa kuni za miwati na rangi ya mafuta. Lameki alikuja kwetu Kifanya kunichumbia, kabeba meli ya mbao kama mtu aliyebeba mtoto mchanga. Mjomba wake, aliyekuwa mshenga, alitangulia mbele kwa maringo.

Ilikuwa miaka ya ruksa, biashara ilipofunguliwa. Maduka ya Makambako yalifurika vitu vya kung'aa, na vingi ukivifua mara moja unabaki na tambara. Ndiyo maana bibi yangu aliyenilea hakuamini chochote chenye rangi mpya.

"Kamwene, bibi," Lameki akamwamkia.

"Kamwene. Hicho nini?"

"Meli. Nimeiunda mwenyewe, toka kupasua gogo. Nawauzia wasafiri pale stesheni Makambako. Kazi hii ndiyo itamlisha mjukuu wako."

Mimi nilikuwa nimesharidhika. Milingoti imesimama, kamba za uzi zimekaza! Bibi hakuangalia milingoti. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Aliipindua, akapitisha ukucha kwenye viungo, akanusa, halafu akalamba. Nikafunika uso kwa khanga.

Akapanda ngazi, akaiweka darini juu ya jiko, kando ya mahindi ya mbegu. "Mahindi yakikauka, rudini. Ikiwa nzima, tutaongea."

"Kumbe kwenu binti haolewi mpaka akaushwe?" mshenga akauliza.

"Binti amekauka zamani. Namkausha huyu wako."

Basi nikawa napika, macho juu. Nilimshuku bibi kwamba anaongeza kuni makusudi. Naye alinishuku mimi kwamba nitaishusha meli, akaificha ngazi. Mchana mmoja nasonga ugali, nikasikia juu: tak! Mwiko ukanitoka mkononi.

Waliporudi, bibi aliishusha. Ubavu mmoja ulikuwa umefunguka, mbao zimejikunja kama soli ya kiatu kilicholowa.

"Moshi huu!" mshenga akaruka. "Meli gani inakaa jikoni?"

Nilijua ndoa yangu imekwisha. Lameki aliigeuzageuza.

"Mjomba, moshi hauna kosa. Mti ulikuwa mbichi. Mbao nilizichemsha zipinde, nikazipaka gundi na rangi hazijakauka. Niliikimbilia harusi." Akamgeukia bibi. "Naomba nafasi ileile darini, nikaushe mbao nyingine."

Bibi alimtazama kama anayemtafuta ufa. "Weka. Lakini utachongea uani hapa, nikikuona. Na huyu binti atapika kwa jirani."

Kawia ufike. Mbao zilipokauka alizipiga randa mpaka zikawa nyembamba. Akachonga mkuku, ule uti wa mgongo wa meli, akaupachika mbavu kwa patasi. Mbao alizichemsha kwenye sufuria, akazipinda juu ya mbavu, akazibana kwa vibanio vya nguo, akaziacha zikauke na umbo lake. Gundi ilifuata baadaye. Misumari hakutia, alichonga vijiti vya mianzi, hii hii inayotupa ulanzi, pombe yetu. Bibi yuko kwenye kigoda, kila kiungo anakipitishia ukucha.

Meli hiyo ndiyo iliyo juu ya kabati langu, na Lameki ndiye babu yenu. Asubuhi ya harusi bibi aliikagua tena. Mimi nami, nikiifuta vumbi hadi leo, napitisha ukucha. Babu yenu hununa, anune tu.

Basi sikia, mjukuu wangu. Mtu akikuletea kazi yake au moyo wake, usiishie kwenye rangi. Mpandishe kwenye moshi. Ufa usikutishe, hakuna mti usio na lake. Wewe sikiliza anasema nini ufa ukionekana. Anayelaumu moshi, msindikize mpaka barabarani. Anayeomba nafasi akaushe mbao nyingine, mpishe darini, ila ngazi ifiche.

Mungu akukaushe taratibu, mjukuu wangu, upite kwenye moshi na kwenye maji, na kiungo chako kisiachie.