Kompyuta Haijui Kuinama

Jumamosi nilikuwa mazoezini na kwaya yetu ya Mkuyuni. Fundi alikuwa ameleta kompyuta inayopiga nyimbo yenyewe kwa sauti ya kinanda kikubwa cha mabomba. Hata sauti, kutoka ya filimbi kwenda ya tarumbeta, ubeti ukibadilika, inabadili yenyewe.

“Shikamoo, Mwalimu. Leo wewe kaa tu,” fundi alimwambia mpiga kinanda wetu, mzee mwenye kiuno kibovu.

“Marahaba,” akajibu mzee, akakunja mikono.

Ubeti wa kwanza tuliimba vizuri. Wa pili ulipoanza, tarumbeta zikalia, lakini kwaya nzima tukabaki kimya tukimtazama mzee.

“Mbona hamuingii?” fundi akafoka.

“Hajainama,” akajibu mama mmoja wa sauti ya kwanza.

Ndipo tulipogundua. Miaka yote, kila ubeti mpya, mzee huinama kushoto kuvuta vishikio vya kubadili sauti, anaguna, nasi tunavuta pumzi na kuingia.

Jumapili kompyuta ilipiga misa nzima bila kosa. Mwalimu alikaa mbele ya kinanda kilichozimwa, na kila ubeti akainama, akaguna. Mashine imemwondolea kazi zote, ikamwachia ile inayomuumiza kiuno.