Penalti Dhidi ya Vijana Wangu

Jamani, leo nimecheza dhidi ya timu ninayoifundisha mwenyewe.

Ndiyo, mimi, mguu uliotamba mpaka Unguja.

Mnajua nimepata kazi kwenye duka la vitambaa la mzee Ramji, hapa Kariakoo. Siku ya kwanza tu nikamtambia habari za mpira. Kumbe najichimbia kaburi. Akaunda timu ya duka, akaomba mechi na vijana wangu wa mtaani.

"Wewe wa kwangu," akasema. "Utafunga."

Ningekataa vipi, na kazi yenyewe bado ya majaribio?

Dakika za mwisho, bila kwa bila, tukapata penalti. Tajiri wangu, mzee Ramji, akaninyooshea bakora yake: nipige mimi.

Golini yuko Hamisi, niliyemfundisha kudaka tangu alipokuwa anaukimbia mpira.

"Karibu, mwalimu," akanicheka. "Kulia kwangu, kama kawaida yako?"

Nikapiga kwa nguvu zote, kulia kwake. Akaruka, akaudaka.

Nami nikaruka. Nikamkumbatia, nikapaza sauti, "Ndivyo nilivyokufundisha!"

Halafu nikakumbuka fulana niliyovaa.

Tajiri hakugomba. Amesema tu Jumatatu niwahi, ana neno na mimi.

Haya, nyie wajuzi, niambieni: niingie dukani na uso gani?