Mayai Kumi Chini ya Kuku wa Mama

Mimi ni mtu wa hasira za karibu. Wanafunzi wangu walijua, mume wangu alijua, na naamini hata kuku wangu walijua, maana nikiingia bandani nimenuna walijipanga wote upande wa mbali. Nilikuwa na kuku mia mbili wa mayai nyuma ya nyumba yetu Rongai, na nilifundisha bayolojia katika shule ya upili iliyokuwa karibu na barabara ya kwenda Eldoret. Kati ya kazi hizo mbili, ya kuku ndiyo iliyonipa raha zaidi. Kuku hakuulizi kama hilo litatoka kwenye mtihani.

Mapema mwaka wa 2008, mambo yalipochafuka baada ya uchaguzi, mama yangu alishuka kutoka Keringet, huko milimani, juu ya lori la viazi. Alikuja na blanketi mbili, Biblia yake, na kuku mmoja wa kienyeji ndani ya kikapu, mwekundu, mwenye jicho kali kama la karani wa mahakama. Shamba, mahindi ya ghalani na kuku wengine wote vilibaki huko. Mama hakulia mbele yangu. Alimtoa yule kuku, akamfunga kamba kwenye nguzo ya tangi la maji, akasema, "Kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Hata mimi nifungeni, nisitoroke nirudi."

Nilicheka, lakini niliona amelisema kwa nusu mdomo.

Shida ilianza mezani. Mama alikuwa amekula maisha yake yote chakula alichokiona kikiota. Sasa alikula unga wa pakiti, na kila asubuhi redio ilimwambia kwamba mahindi ya nchi hayatoshi na mengine yatakuja kwa meli. Hapo watu walibishana kuhusu mahindi ya GMO, yale ambayo mbegu yake imetiwa sifa mpya maabara. Mmoja alipiga simu akasema ndiyo yatakayomaliza njaa. Mwingine akasema atakayeyala hatazaa tena. Wote walikuwa na uhakika. Mama aliwasikiliza kwa makini, kijiko kikiwa hewani, na uji wake ukapoa.

Jumamosi moja alinikuta nafungua gunia la chakula cha kuku. Akachota kiganja kimoja, akakipeleka juani. Vipande vya mahindi vilikuwa vya njano.

"Hii mahindi ni ya nani?"

"Ya kuku, mama."

"Najua ni ya kuku. Nauliza nani alipanda."

Chakula nilikinunua mjini Nakuru kwa mzee mmoja wa Kihindi, ambaye familia yake ilikuwa ikiuza chakula cha mifugo katika duka lilelile tangu kabla sijazaliwa. Nilipokwenda tena nikamuuliza. Mzee yule hakuwa mtu wa kupaka mambo mafuta. "Mwalimu, nikikuambia najua imepandwa wapi, nitakuwa nakudanganya. Soya inatoka nje. Mahindi ikikosekana hapa, pia inatoka nje. Inaweza kuwa hiyo ya GMO, inaweza kuwa sio. Kuku yako inataga?"

"Inataga."

"Basi."

Nikalibeba jibu hilo mpaka nyumbani na kumpa mama jinsi lilivyo. Kuanzia siku hiyo hakugusa yai.

Jambo hili lingekuwa la kuchekesha kama mama hakuwa anakonda. Sketi yake ilishikiliwa kiunoni na pini, na wiki iliyofuata pini ikasogezwa. Nilimpeleka zahanati. Daktari akampima, akatikisa kichwa, akasema anahitaji maharagwe, maziwa na mayai. Maharagwe yalimjaza gesi. Maziwa hakunywa isipokuwa ya ng'ombe anayemfahamu. Yakabaki mayai, na mayai nilikuwa nayo trei kwa trei mpaka karibu na dari, huku mama yangu mzazi akiisha ndani ya nyumba yangu. Liliniuma jambo hilo. Na mimi nikiumwa huwa nafundisha.

Nilimkalisha mama jikoni, nikamchorea tumbo la kuku nyuma ya daftari la mwanafunzi. Nikamwambia kila kilicho hai kina jeni, na tumbo linazisaga zote bila kuuliza zimetoka wapi. "Mama, sukuma wiki ina jeni. Umekula jeni za sukuma miaka sitini. Umeota majani?" Nikamweleza niliyoyasoma, kwamba mahindi hayo hupimwa kabla ya kuuzwa, na kwamba kuku waliolishwa hayo walitaga kama kuku wengine.

"Na wewe umeona?" akauliza.

"Nimesoma."

"Mimi nimeuliza kama umeona."

Nikalifunga daftari kwa kishindo. Mama hakushtuka, alikuwa amenilea. Akasema kwao mbegu wakiitilia shaka hawabishani. Wanazifunga chache ndani ya kitambaa chenye maji na kusubiri kama zitaota. "Kitu kizima kinazaa. Leta mayai kumi ya hao kuku yako. Kuku yangu inataka kulalia."

Ni kweli, yule mwekundu alikuwa amekataa kutoka kikapuni siku tatu nzima, na ukimkaribia anakudonoa. Tukawekeana masharti. Vifaranga vikitoka, mama atakula mayai mawili kila siku bila neno. Visipotoka hata kimoja, nitauza kuku wote mia mbili na kufuga wa kienyeji, kama watu wenye akili. Nilimshika mkono kabla hajamaliza sentensi. Mimi, mwalimu wa bayolojia, mwenye cheti ukutani.

Mama aliyatia mayai alama kwa mkaa, akayapanga chini ya kuku wake mmoja mmoja. Nilitaka kuyamulika kwa tochi baada ya wiki moja nione yanavyoendelea, akanikataza. "Wewe ukiwa tumboni mwangu nilikumulika?" Basi tukasubiri. Mume wangu, ambaye hakutaka kuwa upande wowote, alichora mistari kwenye kalenda na kutuuzia wote wawili matumaini. Mimi nilijiamini mpaka nikawaambia Kidato cha Tatu. Msichana wa dawati la mbele akauliza, "Na zikikataa, madam?"

"Hazitakataa."

Siku ya ishirini na moja mama aliinama akaweka sikio kikapuni. Kimya. Ya ishirini na mbili, kimya. Ya ishirini na tatu yule kuku aliinuka, akatutazama kama tuliompotezea wakati, akaenda zake kutafuta wadudu. Mama alichukua yai moja, akaenda kulipasua nyuma ya choo. Harufu ilitufikia hata kabla yeye hajarudi. Yote kumi yalikuwa mayai viza.

Nilimngoja aringe. Hakuringa. Alisema tu, "Pole, mwanangu," akaenda kukata mboga, na pole hiyo ilinichoma kuliko angenicheka. Nilijua hatakula mayai yangu tena kamwe, na kwamba kwa masharti yetu kuku wote mia mbili wangeuzwa.

Jumatatu baada ya masomo nilikwenda Nakuru kumwambia mzee wa duka kwamba sitachukua chakula chake tena. Niliyamwaga yote pale kaunta, ya mama kukonda, ya mayai kumi, ya siku ishirini na tatu. Nikasema chakula chake kina kitu, na kwamba yeye na meli zake watajua wao. Mzee alinisikiliza mpaka mwisho, mikono yake ikiwa imetulia juu ya mizani.

"Pole sana, mwalimu," akasema. "Uko na jogoo ngapi?"

"Jogoo wa nini?"

Mama mmoja aliyekuja kununua chumvi ya ng'ombe ndiye aliyeanza kucheka, na alicheka mpaka akashika gunia. Hapo ndipo akili yangu ilirudi kutoka ilikokuwa. Nilikuwa nimenunua vifaranga mia mbili vya siku moja, vilivyochaguliwa, majike watupu. Hakuna jogoo aliyewahi kukanyaga banda lile. Lilikuwa bweni la wasichana, na matroni wake mkali nilikuwa mimi. Mayai yale yasingetoa kifaranga hata ningewalisha kuku mana kutoka mbinguni.

"Elimu ni bahari, mwalimu," mzee akasema, akijitahidi kutocheka. "Lakini wewe leo umezama kwa beseni."

Njia nzima ya kurudi nilifikiria namna ya kuificha aibu ile. Ningeweza kuazima jogoo kimyakimya, nimwambie mama tujaribu tena kwa kuwa mara ya kwanza ilikuwa bahati mbaya. Angekubali. Lakini nilipofika nikamkuta anamenya viazi, pini imesogezwa tena, na mdomo wangu ukafunguka wenyewe.

"Mama, hakuna jogoo."

"Wapi?"

"Kwa banda. Hakuna hata mmoja. Nimefundisha hiyo topiki miaka minane na nikasahau."

Kisu kikasimama. Mama naye alikuwa amefuga kuku tangu utotoni, lakini Keringet jogoo ni wa kila mtu. Akikosekana wako, wa jirani anaruka ua bila kualikwa, na hakuna anayemhesabu. Nilimwona akitembea kichwani mwake banda kwa banda akimtafuta jogoo. Kisha akapiga ukelele, "Woi!", akajifunika uso kwa leso. Alicheka mpaka viazi vikamwagika. Kuku mwekundu akaja mlangoni kuangalia kuna nini. Mahali fulani katikati ya kicheko kile mama akaanza kulia, yale machozi aliyoyabeba tangu lori la viazi, nami nikakaa chini sakafuni nikalia naye, tukacheka tena.

Alipomaliza alijipangusa. "Chemsha yai."

Nilifurahi mpaka nikaogopa. Nikaona nisimdanganye hata kwa kunyamaza. "Lakini mama, bado hatujajua kitu. Hayo mayai hayakuonyesha chakula ni kizuri ama kibaya."

"Ndiyo maana nataka. Hao wa redio wote wanajua. Wewe umeniambia umekosea, na hakuna mtu alikuwa amekushika." Akaanza kuokota viazi. "Chemsha mbili."

Jogoo tulimwazima kwa jirani. Aliingia bandani kifua mbele, akawaona majike mia mbili, akasimama mguu mmoja akiwaza. Baada ya wiki mbili tulichukua mayai mengine kumi, kuku wale wale, chakula kile kile, na mwekundu akayalalia bila kinyongo. Vifaranga wanane walitoka. Nilikwenda darasani kukiri dhambi yangu, na kelele zilizozuka zilimleta mwalimu mkuu. Zilipotulia niliwaambia kwamba wanane wale walithibitisha kwanza kwamba jogoo alifanya kazi yake, na kwamba chakula kile hakikuzuia mayai kuanguliwa. Zaidi ya hapo, nikasema, kuna mengi ambayo kikapu kimoja hakiwezi kujibu. Yule msichana wa mbele aliliandika hilo daftarini, na sijui kama lilitoka kwenye mtihani.

Mama alikula mayai yake mawili kila siku, moja asubuhi na moja jioni, na chumvi nyingi kuliko alivyoruhusiwa. Kufikia Mei pini ilikuwa imetolewa kwenye sketi. Kufikia katikati ya mwaka alisema anarudi. Ndugu zake walikuwa wamepigilia mabati mapya, na viazi havijipandi vyenyewe. Nilimsihi abaki. Akaniuliza nani alimfunga kamba mguuni.

Asubuhi ya kuondoka lori lilisimama langoni, vilevile la viazi, safari hii likipanda tupu. Kuku mwekundu alikuwa kikapuni mwake, na wanane wake, waliokuwa wameshaota manyoya, wakipigana ndani ya katoni niliyoitoboa matundu. Blanketi mbili, Biblia. Nilikuwa nimejiandaa nisilie, na nilikuwa naelekea kufaulu.

Mama akawekwa mbele na dereva. Kisha akashusha kioo, akaniita.

"Wewe mwalimu. Na hawa nitawalisha nini? Ghala yangu iko tupu."

"Si utanunua mahindi ya huko juu, mama?"

"Itakuwa lini?" Akatazama upande wa banda, halafu mbele, mahali pa dereva, kama mtu anayeuliza saa. "Niwekee debe moja ya ile ya mzee wa Nakuru. Wamezoea."

Nilikwenda stoo haraka ili asinione uso. Nilimjazia madebe matatu.