Mtoto Aliyeitwa Brayne

Minna Zelkovitz alikuwa mwandishi, na mtaani kwetu, upande wa kaskazini wa Winnipeg, Kanada, mwandishi alitazamwa kama mtu wa kodi. Alianza na vitabu vya mambo ya kweli: mgomo wa washona makoti, Wayahudi wa kwanza kulima ngano huku. Alikuja jikoni kwangu, akala samaki wangu wa chumvi, akauliza mama yangu alilala wapi siku aliyofika nchi hii. Nilimjibu nusu tu. Mtu wa maswali hayo ana lake jambo.

Hakuolewa. Alilelewa na mama yake mkubwa, Brayne, mjane asiye na mtoto aliyekaa ghorofa ya juu yangu na kukagua vijiko vyake kila mgeni alipoondoka. Walipendana kwa namna yao, yaani kwa kugombana.

Kisha Minna akaanza kuandikia watoto. Kitabu chake cha kwanza cha aina hiyo kilikuwa cha msichana mtundu aliyezaliwa ndani ya treni. Ijumaa moja akampelekea mama yake mkubwa nakala, pamoja na mkate wa Sabato, uso unang'aa kwa furaha. Nilikuwepo.

"Umempa mtoto jina langu?" Brayne akauliza.

"Kwa heshima yako, mama mkubwa."

"Kwani mimi nimekufa?"

"Ni mtoto wa kitabuni tu jamani!"

"Mtoto ni mtoto! Mtoto hupewa jina la marehemu, la mtu aliye hai haliguswi. Malaika wa mauti akisikia kuna Brayne mpya, si atauliza huyu wa zamani anangoja nini? Una haraka gani na mimi, Minna? Unaitaka hii nyumba?"

Mkate ukarudi na mwenyewe. Mlango ukafungwa, na Minna hakufunguliwa tena.

Mtaa ukapata la kutafuna. Mimi nami nilishuku. Mwanamke anayehakiki kila tarehe kabla ya kuiandika, asahau jambo ambalo hata kichaa wa mtaani analijua?

"Huyo hajasahau," nilimwambia muuza nyama. "Ana mpango."

Baridi ilipoingia, Brayne akaugua kifua. Minna alileta supu ya kuku kila siku akaiacha mlangoni. Mimi ndiye niliyeiingiza ndani.

"Onja kwanza wewe," Brayne aliniambia.

Nikaonja. Ilikosa chumvi, basi.

Homa ikapanda, daktari akaanza kunong'ona. Asubuhi ya Sabato nikamwona Minna anaelekea sinagogi, yeye ambaye huenda huko kuwahoji wazee tu. Nikamfuata nijue anatafuta nini. Alimwomba rabi amwongezee mgonjwa jina, lile linalomaanisha uhai, ili aliyetumwa kumchukua Brayne asimtambue. Alilia mbele ya watu wote, mwanamke asiyeandika kitu bila ushahidi. Nilichungulia nione kama ni machozi ya kweli. Yalikuwa ya kweli, na niliona aibu kuchungulia.

Brayne akapona. Kitabu kilipochapwa upya, msichana aliitwa Dobe, na Minna akafunguliwa mlango.

"Huyo Dobe ni nani?"

"Si mtu yeyote, mama mkubwa."

"Uliza vizuri. Isije ikawa yuko hai mahali." Brayne akamkazia macho. "Sasa niambie ukweli. Kwa nini jina langu?"

"Wewe huna mtoto. Mimi sina. Nani atakuja kuitwa Brayne?"

Bibi yule mwenye ulimi alimkatia Minna mkate, akausogeza mbele yake.

"Ungengoja," alisema. "Ukishanizika, nirudishe."

Brayne aliishi miaka mingi baada ya hapo, na Minna aliandika vitabu vingi, vingine nikiwemo mimi bila idhini yangu. Tulimzika Brayne mwaka jana, kabla theluji haijaanza. Wiki hii nimepita duka la vitabu, nikakuta kile cha treni kimechapwa tena. Nikafungua ukurasa wa kwanza. Treni imesimama katikati ya ngano, mtoto analia, baba anauliza aitwe nani, na mama anasema, "Brayne."

Nililia palepale nimesimama. Mwenye duka akawa ananitazama kama mwizi.