Udongo wa Zizi la Milepa

Nikisikia harufu ya samli jikoni, hata leo, roho yangu inarudi parokiani kwetu Pito, kwenye ule upepo wa Ufipa unaopenya mpaka mifupani. Samli yetu ilitoka kwa Mama Padre, ndivyo tulivyomwita mama mzazi wa mmoja wa mapadre wetu.

Tulikuwa na mapadre wawili. Paroko alikuwa Mfipa mwenzetu, mtoto wa mwenye duka wa Chanji, mwepesi wa kucheka na mzito wa kumaliza mahubiri. Msaidizi wake, Padre Masanja, alikuwa Msukuma. Wazazi wake walihamia Milepa na ng'ombe wao, naye aliingia seminari akiwa bado ananuka zizi. Alijitania hivyo mwenyewe. Mama yake alipokuja kumtembelea alibeba kibuyu cha samli, na Padre akatugawia watoto wa katekisimu, kidogo kidogo, juu ya ugali wa ulezi.

Bibi yangu hakuionja. Ng'ombe wa wahamiaji waliwahi kuingia shambani kwake wakamaliza ulezi wote, na kwa Bibi kila Msukuma alikuwa mwenye ng'ombe wale. "Wanasema mgeni njoo mwenyeji apone," alinung'unika. "Huyu kaja, mimi nikaugua." Komunyo aliipokea kwa Paroko tu, hata mstari uwe mrefu namna gani.

Masika moja Padre Masanja akafa kwa homa. Mama yake alifika amekumbatia kibuyu chake. Nilidhani ni samli, nikafurahi kitoto.

Alipiga magoti mbele ya Paroko. "Baba, nipe mwanangu nikamlaze zizini, pembeni ya baba yake. Kwetu mwanaume analala na ng'ombe zake."

"Mama, ulishamtoa," Paroko alimjibu kwa upole. "Padre ni mtoto wa jimbo. Atalala na mapadre wenzake."

Aliinuka, akafuata jeneza.

Makaburini, watu walipokwisha kutupia udongo, alifungua kibuyu akaanza kumimina vumbi jeusi, udongo uliochanganyika na samadi kavu. Minong'ono ikapita kwamba ni dawa. Sisi wa Sumbawanga, ambao nchi nzima inatutania kwa uchawi, tukaogopa kibuyu cha mama mfiwa. Katekista akanyoosha mkono kumzuia.

Bibi akatoka kundini. Akapiga magoti kwenye tope, akapiga makofi taratibu, kama Wafipa tunavyomwamkia mtu wa heshima. "Mwacheni," akasema. "Kamletea kwao." Kisha akamsaidia kukikung'uta kile kibuyu mpaka mwisho.

Nilichoelewa siku ile ni kwamba Bibi amesamehe ulezi wake. Nilidhani pia yule mama alishindwa kwa sababu alikuwa mgeni, na kwamba angekuwa Mfipa angepewa mwanawe.

Mwaka jana mwanangu alilala kifudifudi mbele ya altare, akainuka padre. Vigelegele vilijaa kanisa, na wenzangu wakaanza kuniita Mama Padre. Nilicheza nao, nilifurahi kweli. Jioni, wageni walipoondoka, nilizunguka nyuma ya nyumba alikozikwa mume wangu. Pembeni yake tuliacha nafasi ya kaburi la mtoto wetu huyo, kama ilivyo desturi ya ukoo. Nikasimama pale na khanga yangu mpya ya sherehe, nikamkumbuka mama wa Milepa, nikalia.