Wenzake na Eric

Watu wa kamati ya historia ya mtaa waliambiwa waje Jumamosi saa nne asubuhi, wakafika saa nne kasoro dakika tano, wanaume wawili na drili. Bango la shaba walilileta limeviringishwa kwenye blanketi kama mtoto mchanga. Mwenyekiti wao, Gregory, mwalimu mstaafu mwenye adabu za kutosha watu watatu, alilifunua juu ya kaunta ya baa, kisha akarudi nyuma hatua moja ili Rahab apate nafasi ya kufurahi.

Rahab Wambui akasoma. Akavaa miwani, akasoma tena.

Bango lilitaja wenye baa tangu jengo lilipojengwa kwenye kona ile ya Saint Paul, Marekani, kila mmoja na mwaka alioanza. Otto Brandt, 1889. Jeremiah Kolar, 1934. Stanley Nowak, 1958. Eric Kamande na Wenzake, 2014.

“Hawa wenzake ni akina nani?” Rahab akauliza.

Gregory akasema kwa upole kwamba hivyo ndivyo ilivyoandikwa kwenye leseni, na kamati imefuata leseni. Hakusema uongo, na hilo ndilo lililomchoma Rahab zaidi. Wenzake wote na Eric, kuanzia wa kwanza hadi wa mwisho, walikuwa yeye peke yake.

Tena ni yeye aliyetaka iandikwe hivyo. Siku walipojaza fomu, mumewe alitaka kuandika majina yote mawili, Rahab akamshika mkono. Wakati huo alikuwa mwenyekiti wa akina mama katika kanisa la Wakenya kule Blaine, na mwenyekiti wa akina mama hauzi bia. Basi akawa anaagiza mapipa, anachoma nyama, anatoa walevi nje kwa kuwashika kola, na Jumapili anafunga kitambaa kichwani na kuimba sauti ya pili. Akiulizwa, anajibu, “Baa ni ya Baba Njeri.” Kanisa zima lilijua. Walimwondoa kwenye uenyekiti bila kumwambia kosa, wakamshukuru kwa utumishi wake, wakampa na leso. Eric alipofariki, miaka minne iliyopita, baadhi yao walidhani sasa atafunga. Hakufunga hata siku ya theluji.

Kutafuta historia alianza kwa hasira. Mlevi mmoja alimwambia kutoka kwenye kiti chake kwamba baa ile ilikuwa na historia kabla yao hawajaja. Rahab akamjibu, “Basi nitaitafuta hiyo historia yako, na nikiipata nitakuletea kwenye sahani.” Kwa miaka miwili akaitafuta. Kwenye makumbusho ya jiji alipewa leseni, na leseni zilikuwa za wanaume watupu. Lakini alipokaa na wazee wa mtaa aliuliza kama ambavyo mama yeyote wa kwao angeuliza. Huyu alikuwa na mke? Mke alikuwa mama nani? Na hapo ndipo baa ilipoanza kusema.

Otto alikufa mapema, akamwachia mkewe mtoto na mapipa. Kitabu cha zamani cha kanisa moja la Wajerumani kilisema mama yake Fritz, mwenye baa, asiketi benchi za mbele. Rahab alipotafsiriwa mstari huo alicheka mpaka mtunza vitabu akamtazama, kisha akalia kidogo. Jeremiah alivunjika mgongo akifanya kazi kwenye reli, kabla hajaifungua baa, akalala ghorofani miaka mingi huku mkewe, Mama Lois, akiendesha kila kitu chini. Lois mwenyewe, binti yao, alikuwa bado hai, miaka tisini na miwili, katika nyumba ya wazee kule Bloomington ambako Rahab alifanya kazi ya uuguzi siku tatu kwa wiki. Mke wa Stanley, Mama Walter, alitenganisha wagombanaji kwa mpini wa ufagio. Yote hayo Rahab aliyaandika kwenye daftari, akampa Gregory nakala safi. Gregory alimshukuru sana.

“Kamati iliisoma,” Gregory akasema sasa. “Ila bango ni dogo.”

“Na ukuta?”

“Ukuta ni mkubwa.”

“Ni wa nani?”

Gregory akapangusa shaba kwa kiganja. Akaeleza, bila ubaya wowote, kwamba jengo lisilo na bango haliwezi kuwa kwenye ramani ya matembezi ya kihistoria, na ramani inachapishwa mwezi ujao. Rahab alilijua hilo. Ramani ile ndiyo aliyoitaka kwa miaka miwili, ili asije mtu mwingine kumwambia historia ya baa ile si yake. Roho ilimuuma, hakuificha.

“Rudisheni drili kwenye gari,” akasema. “Lakini kwanza kunyweni chai.”

Wakanywa, kwa sababu walishamwogopa. Wakaondoka na blanketi lao.

Njeri, bintiye mwenye miaka kumi na tisa, aliingia saa sita kutoka chuoni na kumkuta mama yake amepiga magoti mbele ya ubao wa meza ya zamani, ameupaka rangi nyeusi, na sasa anaandika kwa nyeupe. Mama Fritz. Mama Lois. Mama Walter. Mama Njeri. Rahab akasimama, akajishika kiuno, akautazama kama mtu aliyeshinda kesi.

“Mum, it’s nice,” Njeri akasema. “Lakini jina yako iko wapi?”

“Si hilo hapo.”

“Hiyo ni jina yangu. Fritz ni mtoto, Walter ni mtoto. They put the husbands, wewe umeweka watoto. Hao wamama wenyewe walikuwa wanaitwa nani?”

Rahab alifungua kinywa amwambie kwamba kwetu, mtu mwenye adabu hamwiti mama wa watu jina kavu. Mama Njeri ni heshima, aliipata kwa uchungu wa siku mbili. Badala yake akachukua daftari. Akalipekua ukurasa kwa ukurasa, mbele na nyuma, kurasa za miaka miwili, na hakuna hata mahali pamoja alipomuuliza mtu jina la mwanamke yeyote. Aliona aibu hadi masikio yakawaka moto. Na chini ya aibu hiyo palikuwa na jambo jingine, akalisema kwa sauti ili lisije likamkimbia.

“Nilikuwa nimejificha humo. Mama Njeri anaenda kanisani, Rahab anabaki baa.”

“I know, Mum.”

“Ulikuwa unajua na hukuniambia?”

“Ungenipiga.”

“Ningekupiga, ndiyo. Lete funguo za gari.”

Kule Bloomington, Lois alikuwa dirishani, amejifunika shali. Rahab akavuta kiti, akamuuliza bila kuzungukazunguka, mama yako aliitwa nani. Bibi akageuka kutoka dirishani.

“Ludmila,” Lois akasema. “Tangu tumzike hakuna aliyeniuliza.” Akalirudia mara mbili, sauti ikipata nguvu. Mama Walter pia alimkumbuka, aliitwa Anastasia, ndiye aliyemwazima viatu vyekundu vya harusi. Mama Fritz alikuwa wa kabla ya wakati wake, hakuweza kusaidia. Rahab akambusu shavuni na kurudi Saint Paul akiendesha kwa kasi ambayo Njeri aliilalamikia njia nzima.

Ubao ukapakwa upya na kuandikwa upya, kwa Kiswahili kitupu. Asiyeelewa aingie aulize. Njeri alishika ngazi, Rahab akatoboa ukuta wake mwenyewe, kando ya mlango wa mbele. Kisha akapiga picha na kuituma kwenye grupu la akina mama wa kanisa, kwa maana walipomwondoa kwenye uenyekiti walisahau kumwondoa kwenye WhatsApp. Alama za buluu zikaanza kutokea, moja baada ya nyingine. Hakungoja majibu. Aliiweka simu mfukoni, akafungua mlango wa mbele kwa wateja wa jioni, na kila aliyepanda ngazi za mlangoni alisimama kwanza mbele ya ubao.

Mama Fritz. Jina lake bado tunalitafuta.
Ludmila, mama Lois.
Anastasia, mama Walter.
Rahab, mama Njeri. Yuko ndani.