Tangi la Samaki na Mzee Aliyepumzishwa

Mwanangu, naikumbuka siku ambayo kaka yangu Rajabu, baharia wa meli za mizigo, alirudi kutoka Dubai akaingia nyumbani kwetu mtaa wa Gerezani na boksi kubwa begani. Mimi nilikuwa msichana bado, nimekaa barazani na cherehani yangu, nashona mashati ya shule. Hata kunisalimia vizuri hakunisalimia. Alipitiliza hadi ukumbini, alikokuwa baba na tangi lake la samaki, akatangaza kwamba kuanzia siku hiyo mzee anapumzika.

Ngoja kwanza nikueleze habari za tangi hilo, maana vijana wa sasa mkisikia samaki wa mapambo mnafikiria simu na taa za rangi.

Baba yetu, Mzee Salum, alikuwa dereva wa familia moja ya Kihindi kule Upanga kwa miaka mingi. Familia ile ilipohamia ng'ambo, ilimwachia tangi lililokuwa sebuleni kwao. Lilikuwa la vioo vilivyobanwa kwa pembe za chuma na kuzibwa kwa puti, zito kiasi kwamba lilihitaji wanaume wanne kulibeba. Mama alikuwa ameshatangulia mbele ya haki. Baba akaliweka tangi ukumbini, na tangu hapo mtaa mzima ukamjua kwa jina la Mzee wa Samaki.

Kufuga samaki ndani ya nyumba enzi hizo kulikuwa kazi, si pambo. Maji ya bomba yalikuwa na dawa, na dawa huua samaki, kwa hiyo baba alikinga ndoo asubuhi akaiacha uani hadi kesho yake dawa itoke. Tulisema maji yamelazwa. Maji machafu aliyatoa kwa mpira, anauvuta kwa mdomo kwanza, na mara nyingine yanamwingia akatema huku anacheka peke yake. Hapakuwa na kipimo. Alichovya kidole, akanusa, akajua.

Na chakula? Hicho ndicho kilichomfanya ajulikane. Samaki wale walikula viluwiluwi vya mbu. Kila siku baba alivaa kofia yake, akachukua kopo na kichujio cha chai, akaenda nyumba kwa nyumba kuchota viluwiluwi kwenye mapipa na mitaro ya uani. Akina mama walimpenda, maana alikuwa anawapunguzia mbu bila malipo. Walimwita wenyewe kwamba Mzee Salum, njoo, leo kwangu wapo wengi. Akiingia uani anainama, anachota, anaulizwa habari za mguu wake, anauliza habari za mtoto mgonjwa, anapewa kikombe cha chai. Alikuwa anarudi nyumbani adhuhuri na kopo limejaa na habari za mtaa mzima. Mimi kwenye cherehani yangu sikuhitaji redio.

Sasa Rajabu alikuwa na maneno yanamkereketa. Wenzake wa bandarini walimwona baba ameinama kwenye mtaro karibu na Mnazi Mmoja, wakamtania kwamba baharia mzima baba yake anavua mtaroni. Yakamchoma. Lakini usidhani ni fahari tu iliyomsukuma, alimpenda baba. Wewe mwenyewe unajua tulivyolelewa. Mtoto mwenye adabu hawezi kukaa na huku mzee amebeba ndoo. Ataondoka alipo, atampokea, atasema pumzika mzee wangu. Hiyo ni heshima, nami sitakufundisha uiache.

Ndani ya boksi mlikuwa na pampu ya umeme ya kuchuja maji, taa, na makopo ya chakula kikavu. Rajabu akafunga kila kitu mwenyewe, akanionyesha mimi jinsi ya kunyunyiza chakula asubuhi na jioni. Maji yakatakata, ukawa unaona hadi mchanga wa chini. Samaki wakanenepa, wakazaa. Nakuambia ukweli, mwanangu, mashine ile ilifanya kazi kumshinda baba. Sitaki uje useme bibi huyu anachukia umeme.

Baba alisema, "Ahsante mwanangu, Mungu akuzidishie." Angesema nini kingine? Ndoo ukishapokewa kwa adabu, huwezi kuidai tena. Ukiidai, utakuwa umemwaibisha aliyekupokea.

Basi akapumzika. Siku za kwanza alikaa kwenye kiti mbele ya tangi, anatazama, anasifu. Baadaye akawa anatazama tu. Kisha akawa anasinzia pale pale tangu asubuhi. Kofia ikabaki msumarini. Ndevu akaacha kuzipunguza. Akina mama wakipita barazani waliniuliza kama mzee ni mzima, nami nikawajibu kwa majivuno kwamba mzima, anapumzika. Wakaendelea kuuliza, halafu wakapunguza, halafu wakaacha. Siku moja baba aliniuliza kama leo ni Ijumaa, na ilikuwa Jumatatu. Nilihuzunika, ila niliona ni uzee tu umebisha hodi.

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mgeni wetu alikuwa shangazi Mwajuma, dada yake mkubwa baba, aliyekuja kutoka Lindi na kikapu cha korosho na mdomo usiokopesha. Alimsalimia mdogo wake, akakaa naye. Siku ya kwanza hakusema kitu, na mtu yeyote anayemjua shangazi angeogopa. Asubuhi yake, tulipokuwa uani tunakunywa chai, akamgeukia Rajabu.

"Rajabu, samaki nimewaona, wazima. Mdogo wangu yuko wapi?"

Rajabu akamjibu kwa unyenyekevu kwamba si huyo hapo ndani, amekaa kitini.

"Aliyekaa kitini simjui."

Kaka yangu alijitetea. Akasema watu walikuwa wanasema, akasema yeye ni mtoto wa kiume na hawezi kuvumilia kumwona baba yake ameinama mitaroni na huku yeye ana uwezo wa kumsaidia. Shangazi akamwacha amalize, maana wazee wale walikuwa na subira ya kusikiliza hata upuuzi hadi mwisho. Kisha akamwambia kwamba yeye Rajabu aliona mgongo wa baba yake umeinama, lakini hakuona kwamba kila alipoinama palikuwa na mtu wa kumkaribisha. Sasa nani atamkaribisha, na anakwenda kufanya nini kwa watu? Mwanamume wa rika lake haingii uani kwa mwenzie mikono mitupu bila sababu. Kopo lile lilikuwa sababu yake.

Rajabu akainamisha kichwa. Akasema basi atang'oa mashine yote aitupe.

"Nani amekwambia utupe? Maji yametakata, Mungu akulipe. Nenda kamuombe."

Kaka hakuelewa. Alidhani anatakiwa akamrudishie baba kazi. Shangazi akatikisa kichwa, akasema kazi anapewa kibarua, lakini mzee huombwa.

Rajabu akaenda. Nilisimama mlangoni na birika mkononi, nikajifanya nina shughuli. Akachuchumaa mbele ya kiti, akamwambia baba kwamba wale samaki wadogo waliozaliwa hawakui vizuri kwa chakula cha kopo, na yeye meli inaondoka karibuni, hajui afanye nini. Akasema, baba, naomba unisaidie.

Baba alilitazama tangi, akamtazama mwanawe. Kisha akauliza, "Kopo langu mmeliweka wapi?"

Mwanangu, kopo nilikuwa nalo mimi, natunzia vifungo. Nilivimwaga vyote kwenye khanga, vingine vikaviringika chini ya kitanda, sikujali. Nilimpelekea huku machozi yananilenga. Baba akavaa kofia, akatoka. Nikamsikia mama wa nyumba ya jirani anamwamkia kwa furaha, shikamoo Mzee Salum, jamani, ulikuwa umesafiri?

"Marahaba," baba akamjibu. "Nilikuwa nimepumzishwa."

Walicheka wote wawili, na mimi nikacheka barazani. Lakini neno lile limenikaa moyoni hadi leo nina mvi kichwa kizima. Baba aliishi miaka mingine mizuri baada ya siku ile. Pampu iliendelea kuunguruma ukumbini, na yeye ndiye aliyekuwa anaisafisha sifongo yake. Umeme ukikatika alikoroga maji kwa mkono ili samaki wapate hewa, huku anaisema pampu kwamba haina uvumilivu.

Dunia imekwenda, na kuishi kwingi ni kuona mengi. Nyumba yetu ya Gerezani imekuwa ghorofa la maduka, na mimi sasa nakaa na mwanangu Idrisa kwenye fleti Upanga. Naye amenunua tangi Kariakoo. Si la puti wala chuma, ni kioo kitupu. Maji ya bomba anatia matone ya kuondoa ile dawa, na papo hapo yanafaa, hakuna cha kulaza. Taa inawaka na kuzima yenyewe. Kuna mashine ya kudondosha chakula, kuna betri ya kushika pampu umeme ukikatika, na kuna kamera. Idrisa akisafiri kikazi Dodoma anawaona samaki wake kwenye simu na kuwalisha kutoka huko huko. Maji yakichafuka, simu inamlilia. Mimi nilistaajabu kweli, nikamsifu. Baba yangu angekiona kitu kile angekesha anakitazama.

Kisha Idrisa akaniwekea kiti mbele ya tangi, kiti kizuri chenye mto, akaniambia, "Mama, wewe pumzika tu."

Nilikaa. Siku ya kwanza nikasifu. Baada ya muda nikajikuta natazama tu. Asubuhi moja nikashtuka nimesinzia na chai imepoa pembeni, na sikukumbuka mara ya mwisho kuulizwa na mtu jambo ninalolijua. Niliogopa, mwanangu. Baba yangu hakuweza kusema, heshima ilimfunga mdomo, na mimi sina shangazi wa kunisemea. Kwa hiyo nikasema mwenyewe.

"Idrisa, chakula cha asubuhi niachie mimi."

Akaniambia nitajisumbua bure, mashine ipo. Nikamwambia aniache nisumbuke. Alitaka kucheka, akaniangalia usoni, akaacha. Akachukua simu, akaifutia mashine ile saa yake ya kulisha asubuhi. Siku hizi akirudi kazini anajua kila kitu kutoka kwenye simu yake, lakini bado anakaa karibu yangu ananiuliza, mama, samaki wanasemaje leo? Namweleza. Yule mwekundu kaanza kuonea wenzake, simu haijamwambia hilo.

Basi nasaha yangu ni hii. Nunua mashine, mwanangu, usiogope. Kizuri ni kizuri hata kikitoka ng'ambo. Lakini kabla hujaifunga, tazama mikono inayofanya kazi hiyo sasa ni ya nani, na uulize kazi hiyo inampeleka kwa nani na inamletea nani. Mzee wako usimpe kazi ya kumchosha, ila usimpumzishe mpaka akapotea na huku yupo sebuleni. Muombe akusaidie, na umuombe kitu unachokihitaji kweli, maana mzee si mtoto, anajua anapobembelezwa. Nawe uliyezeeka kama mimi, sema. Kunyamaza kwa heshima kumewazika watu kabla ya siku yao.

Mungu akubariki mwanangu. Maji ya nyumba yako yatakate, na waliomo wawe wazima. Na siku mikono yako itakapoanza kutetemeka, akujaalie mtu atakayechuchumaa mbele ya kiti chako na kusema, naomba unisaidie.